Kalenda Niliyoibandika Mlangoni

Neema, binti aliyepokea kiti changu ofisi ya kata, alinipigia simu mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu. Alikuwa amefungua kabati na kukuta mafaili, mabango ya semina yaliyotafunwa na mende, na kopo la rangi iliyokauka. Alichokuwa anakitafuta hakukiona. "Shikamoo mama," alisema. "Naomba uniandikie hata kurasa mbili tu, ulikuwa unawafanyaje vijana wa kule ziwani mpaka wakakubali kuongoza. Kila ninayemuuliza ananiambia wewe uliweza." Nikamwambia nitaandika. Nilipokata simu nilibaki nimeketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yangu hapa Maguu, nikijiuliza ni kitu gani hasa nilichokiweza.

Basi ninaandika, Neema, kwa ajili yako na wenzako mlio kazini. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja kwa kuchelewa na kila kimoja kilinikuta nimeshasahau kukiomba. Mshahara nao mnaujua. Nitaeleza kazi yenyewe, kama nilivyoikuta na kama nilivyoiacha, na mahali ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Mtakutana na neno hilo mara nyingi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mpepai. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya cha maendeleo ya jamii na viatu vipya vya kisigino, na vyote viwili vilinibana. Kulikuwa na mkutano wa kijiji kiwanjani, mbele ya shule. Mwenyekiti alinikaribisha meza kuu, nikakaa kati yake na diwani, mbele yangu kitambaa kilichotariziwa maua, nikajiona nimefika. Ajenda ilikuwa ujenzi wa darasa. Tangu mwanzo kijana mmoja aliyesimama nyuma alikuwa amenyoosha mkono. Mwenyekiti alimwona. Mimi nilimwona. Mkono mmoja ukichoka anaushusha, ananyoosha wa pili. Wazee wakazungumza, akina mama wawili wakazungumza, mkutano ukafungwa kwa sala, na kijana hakupewa nafasi.

Mama Kandida, afisa wa siku nyingi niliyekabidhiwa kwake nijifunze kazi, alikuwa amekaa majanini pamoja na akina mama. Alinifuata akaniuliza, "Yule kijana wa mkono alitaka kusema nini?"

"Sijui, mama."

"Basi kimbia ukamuulize."

Nikamkimbiza kijana yule barabarani na visigino vyangu. Nilipomfikia hata salamu hakuiitikia vizuri. "Nilitaka kusema mvua inakuja," alisema, "tuhamie darasani." Wakati huo sote wawili tulikuwa tumeshalowa chapachapa, na karatasi ya mahudhurio niliyoishika ilikuwa imebaki na michirizi ya wino tu, jina hata moja halisomeki.

Mama Kandida alinifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwepo. Usikae meza kuu, alisema, ukikaa kule utaona vipara tu vya mstari wa mbele. Andika kwa penseli, wino hauvumilii mvua za Mbinga. Usiwaambie vijana kwamba wao ni taifa la kesho, watakuomba ruhusa warudi nyumbani walale mpaka kesho yenyewe ifike. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile aliloliita safu ya pili. Katika daftari lake kila ukurasa ulikuwa na mstari uliopigwa katikati kwa rula. Kushoto aliandika waliokuja mkutanoni. Kulia aliandika wasiokuja, na mbele ya kila kundi aliandika wako wapi: wako kwenye mahindi, wako msibani, wamekatazwa na baba yao.

"Usiandike hawakuja ukaishia hapo," aliniambia. "Mtu hapotei hewani. Kama hayuko hapa, yuko mahali. Andika ni wapi."

Kwa miaka mingi nilipiga mstari ule katika kila daftari nililopewa, na nikimaliza mkutano natembea nyumba kwa nyumba kujaza upande wa kulia. Kazi hiyo haikuwa na posho, na mbwa wa Mpepai walinijua kwa harufu.

Huku milimani ugumu ulikuwa wa aina yake. Nilifanikiwa kumwingiza kijana mmoja, Hyasinti, kwenye kamati ya maji. Kikao cha kwanza kila alipokuwa na neno alimnong'oneza mjomba wake, na mjomba anasimama: "Kijana anasema bomba la juu linavuja." Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, mdogo kusema kupitia kwa mkubwa wake. Mimi nikakasirika. Nikamwambia Hyasinti asimame aseme mwenyewe, kwa sababu hicho ndicho nilichofundishwa kukiita uongozi. Kikao kilichofuata akasimama, akasema mwenyewe, na akayasema makavu mambo ambayo mjomba angeyalainisha kwanza. Wakagombana vibaya, na bomba likakaa miezi mitatu likivuja. Nilimuuliza Mama Kandida kama nilikosea.

"Bado sijajua, mwanangu," akanijibu, akaendelea kunywa chai yake.

Nilidhani ananikwepa. Siku hizi nadhani alikuwa anasema kweli tupu. Alistaafu mwaka uliofuata, akaniachia rula yake.

Wilaya ilipogawanywa niliangukia upande wa ziwa. Niliteremka na masweta mawili, jambo ambalo majirani zangu wapya walilisimulia mpaka nilipoondoka. Nilipangiwa upande wa Mbaha, na kijiji ninachotaka kukieleza kiko huko, jina lake nitalihifadhi. Kinyasa sikukijua, na Kimatengo changu kiliwachekesha, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiwa ametoka kwao. Waliniita Mama Maendeleo. Hata kanisani, mchungaji akitangaza wageni, nilikuwa Mama Maendeleo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Stefano, mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Kila Jumamosi alinipelekea mbasa, samaki mmoja mkubwa wa ziwani, amefungwa kwenye jani la mgomba. Nilimpenda mzee huyo na bado nampenda, mjue hivyo kabla sijaendelea.

Mikutano ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, saa nne asubuhi, tarehe inapangwa kutoka ofisini kwetu. Wazee walikuja. Akina mama wachache walikuja. Vijana hawakuja hata mmoja. Wakati huo daftari la mstari lilikuwa limeshakufa. Ofisi ilituletea fomu zilizochapwa vizuri, zenye kisanduku cha idadi ya waliohudhuria na kisanduku cha changamoto, na safu ya pili haikuwemo. Nilitazama kisanduku cha changamoto, nikaandika: Vijana hawana mwamko. Mkutano uliofuata nikaandika tena. Sentensi hiyo ilikaa ndani ya kisanduku vizuri sana, na wakubwa waliipenda, maana ilituletea semina za mwamko. Tulinunua soda na biskuti. Wakaja vijana kumi, wanne kati yao watoto wa Mzee Stefano.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja nilitelemka ufukweni asubuhi nikiwa nimekasirika, jana yake tulikuwa na mkutano wa watu ishirini na wawili. Nilimkuta binti mmoja, Edina, wa miaka kama ishirini na mitatu, akigeuza usipa kwenye vichanja. Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaoanikwa wakiwa wengi mpaka ufukwe mzima unang'aa.

"Shikamoo, Mama Maendeleo."

"Marahaba. Edina, mbona vijana hamji mkutanoni? Mnataka mfuatwe na farasi?"

Hakuacha kugeuza samaki. "Mama, jana mlikaa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne mimi nilikuwa na usipa wa mitumbwi mitatu hapa. Nikiwaacha, kunguru wanafanya mkutano wao. Na hawa kaka zetu walikuwa wamelala, wametoka ziwani alfajiri."

"Basi mngependa lini?"

"Njoo mwezi ukiwa mkubwa," alisema. "Siku za giza ndizo tunavua, taa inaonekana na usipa wanaifuata. Mwezi ukiwaka ziwa lote lina mwanga, hawafuati taa. Hapo tunakuwepo tu, tunashona nyavu, tunacheza bao. Ukituita tutakuja."

Neema, nilisimama pale juani nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimekula usipa wao kila wiki, nawajua kwa chumvi na kwa nyanya, na sikuwahi kuuliza wanavuliwa lini. Miaka yote ile vijana mia na zaidi walikuwa mahali, na mahali penyewe palikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu.

Nikachukua bango la semina, nikaligeuza nyuma, nikachora kalenda ya mwaka mzima. Siku za giza nilizipaka duara jeusi, siku za mwezi nikaziacha duara tupu. Edina na kaka zake walinisahihisha pale nilipokosea. Nikaipeleka kwa Mzee Stefano, akaitazama kwa heshima, akasema ni kazi nzuri. Tukaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kwa uji wa muhogo, tukakubaliana mikutano yote iangukie kwenye duara tupu.

Mkutano wa kwanza wa siku za mwezi, vijana walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta wa zahanati. Sikuamini macho yangu. Nikaanza kukutana nao ufukweni mara mbili kila mwezi ukiwa mkubwa, tunakaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wanafanya mkutano wa mazoezi. Niliwapa kanuni moja tu: kabla hujasema lako, rudia kwanza alichosema mwenzako, naye akubali kwamba umemwelewa. Mwanzoni walicheka. Mara ya tatu waligundua kwamba nusu ya ugomvi wao haukuwepo. Edina alikuwa mwepesi kuliko wote. Aliuliza swali fupi, akakaa, akasubiri. Mtu asiyemjua angedhani hana la kusema.

Mwaka ule kijiji kilibadilika. Ratiba ya zahanati ilibadilika, mlinzi wa shule alibadilika, na hoja mbili za Mzee Stefano zilirudishwa zikapikwe upya. Jioni moja tulitembea pamoja kurudi nyumbani, akaniambia kwa sauti yake ya chini, "Mama Maendeleo, watoto hawa umeniletea mwenyewe. Sasa kila jambo ni mjadala. Mimi nikileta jambo nataka lipite tu." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mpaka leo nikiikumbuka naacha ninachokifanya.

Mkutano uliofuata ulitangazwa kwa karatasi ndogo kwenye mlango ule ule. Nilikuja saa nne kamili. Nilipita mbele ya kalenda yangu mwenyewe kuingia kusaini kitabu cha wageni, na sikuitazama. Kiwanjani kulikuwa na wazee, akina mama wachache, na kivuli kingi kisicho na mtu. Ajenda ilikuwa kipande cha ufukwe penye vichanja. Mgeni mmoja kutoka mjini aliomba ajenge nyumba ya kulala wageni, na Mzee Stefano aliona kijiji nacho kitajulikana. Mikono ikanyooshwa, jambo likapita. Halikuchukua hata nusu saa. Mtendaji akanisogezea kitabu cha muhtasari nijaze sehemu ya maoni ya wataalamu. Penseli sikuwa nayo. Nikachukua kalamu yake ya wino, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Vijana hawana mwamko. Nikasaini. Nikanywa chai, nikaenda zangu.

Mkono uliandika wenyewe. Najua hiyo si sababu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuandika kwa hila, sikutumwa na mtu. Niliona kivuli kisicho na mtu, na mkono ukaenda kwenye sentensi uliyoizoea.

Wiki mbili baadaye vigingi vikapigwa ufukweni, na Edina akaja ofisini kwangu. Alisimama mlangoni, ana magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko.

"Mama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukatuona?"

"Sikuwaona."

"Ukauliza tuko wapi?"

Nikainamia karatasi zangu. Alisubiri kama nilivyomfundisha kusubiri. Halafu akaniambia wanakusanya sahihi za kuomba mkutano wa dharura, na ananiomba niandike barua kwamba siku ile ilikuwa ya giza, na kwamba kalenda ilikuwa mlangoni na kila mtu aliijua. Vichanja vile ndivyo vilivyokuwa vinawalisha yeye na mama yake, pamoja na wanawake wengine arobaini. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nilimwogopa mkurugenzi, nilimwonea haya Mzee Stefano, na nilijionea haya mwenyewe kuliko wote. Barua sikuiandika. Edina hakurudi kuniuliza.

Badala yake alikwenda kwa mtendaji akaomba kusoma kitabu cha muhtasari. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mwanakijiji yeyote ana haki ya kukisoma.

Mkutano wa dharura ulifanyika siku za mwezi. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile kijijini pale. Nilikuwa nimewekewa kiti meza kuu, na nilikikalia. Edina alipopewa nafasi alisimama na kitabu mkononi, akasoma ukurasa wa mkutano ule kwa utaratibu, ajenda, waliochangia, waliopiga kura. Akafika mwisho. "Maoni ya wataalamu," akasoma. "Vijana hawana mwamko." Kukawa na mnong'ono, akangoja uishe.

"Mama Maendeleo, shikamoo."

"Marahaba."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Siku hii sisi tulikuwa wapi?"

"Mlikuwa ziwani. Na wengine mlikuwa kwenye vichanja."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema nilisahau. Ingekuwa kweli nusu. "Nilijua," nikasema. "Mimi ndiye niliyechora kalenda."

Hakuna aliyecheka. Edina aliinamisha kichwa kidogo. "Mama amesema alijua," akarudia, kufuata kanuni yangu ya ufukweni. "Nimekuelewa, mama?" Nikasema amenielewa. Akakaa.

Kura zikapigwa upya, ufukwe ukarudi kwa wenye vichanja, na vigingi vikang'olewa siku ile ile. Mkutano ulipokwisha nilisimama pembeni nikimngoja Edina, sijui nilitaka nimwambie nini. Alipita na wenzake, akanipa shikamoo, akaendelea na safari yake. Hakuninunia wala hakunichangamkia. Nilikwenda nyumbani nikalia, na hata sasa siwezi kuwaambia nililia kwa kuaibika au kwa kufurahi. Kile ndicho nilichokuwa nimekihubiri maisha yangu yote ya kazi, kijana asimame mbele ya mkubwa na kumuuliza kwa adabu. Sikuwa nimejiandaa kuwa huyo mkubwa.

Jumamosi mbasa alikuja kama kawaida. Safari hii alimleta Mzee Stefano mwenyewe. Alikaa, akakubali chai. "Kalenda yako ilikuwa nzuri sana, mama," akaniambia. "Katika uongozi wangu wote sikuwahi kupata chombo kizuri kama kile." Nilimtazama nikitafuta dhihaka usoni mwake, na haikuwepo. Alimaanisha: ilimwonyesha siku ambazo vijana hawapo.

Uchaguzi ulipofika hakugombea. Edina aligombea, akashinda, akawa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nikaagwa kwa kitenge na saa ya ukutani inayokimbia dakika kumi mbele, nikarudi Maguu kwenye kahawa yangu.

Ningekuwa naandika ripoti ningeishia hapo, na Neema ungepata ulichokiomba. Lakini mwezi uliopita, tukiwa tunamalizia kuchuma, Edina alipanda mpaka hapa kwangu na ndoo ya usipa waliokaushwa vizuri. Nilifurahi mpaka nikamwaga kahawa niliyokuwa nimeichuma. Tulikula, tukacheka, akanipa habari za kila mtu. Halafu akafungua khanga, akatoa kalenda yangu. Alikuwa ameibandua mlangoni bila kuichana.

"Mama, nisaidie kidogo," alisema. "Mbasa wanaisha. Mvua zikianza wanapanda mtoni kutaga, na wazee wametega nyavu mdomoni mwa mto, wanawakamata wote na mayai yao. Nimeleta hoja pazuiwe msimu wa kutaga. Mara mbili imekwama. Nyavu zenyewe ni za kina Mzee Stefano, wanakuja wote wanaipinga."

"Hoja ni nzuri," nikasema, na ni nzuri kweli.

"Sasa najua wazee huwa wanapanda vilimani kulinda mihogo, nyani wasiimalize. Wewe umekaa nao, unazijua siku zao. Nichoree duara siku ambazo hawapo."

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. "Edina, unataka waje au wasije?"

"Nataka lipite tu, mama."

Nikakiweka kikombe chini. Yeye akadhani sijaelewa, akaongeza, "Na wazee wenyewe hawana mwamko. Hata ukiwaelimisha, hawaelimiki."

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akawa ananitazama kwa wasiwasi kama mtu anayefikiria kuita majirani. Sikujua nimkemee au nimkumbatie. Akilini nilimwona Mzee Stefano amekaa pale kwenye kigoda, na nilijiona mimi mwenyewe na kalamu ya wino. Na katikati ya yote hayo bado nilijua kwamba mbasa wanaisha kweli, na wakiisha hawatarudi kwa sababu sisi tulifuata utaratibu mzuri.

"Mzee Stefano analinda wapi?" nikamuuliza.

"Vilimani huko."

"Kilima gani? Anakwenda siku ngapi? Anapokezana na nani?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. Amekulia nyumba ya nne kutoka kwa mzee huyo.

Nikaingia ndani, nikaleta rula ya Mama Kandida na penseli. Nikageuza kalenda upande wa bango la semina, nikapiga mstari mmoja katikati, juu mpaka chini. Upande wa kulia nikaandika: Wako wapi? Nikamrudishia.

Edina aliutazama mstari. "Mama, nimepanda mlima wote huu kwa ajili ya mstari?"

"Ndiyo."

"Na mbasa je?"

"Sijui, mwanangu."

Aliondoka amekasirika, ingawa ndoo aliniachia. Usiku na mchana wiki hiyo nilijigombeza. Nilijiambia nimemnyima chombo nilichompa Mzee Stefano bila kujua. Kisha najiambia nimefanya vema. Nikiamka asubuhi naanza upya.

Juzi nikapata ujumbe wake kwenye simu. Nauandika kama ulivyokuja: "Shikamoo mama. Nimeshinda kilimani na Mzee Stefano kutwa nzima tukifukuza nyani, nimepigwa na jua sijapata kuona. Anasema Jumamosi zamu zote zinashuka, Jumapili askofu anakuja kutoa kipaimara. Na mwezi ni mkubwa. Nimetangaza mkutano Jumamosi. Watakuja wote, mama, wao na sisi. Nadhani nitashindwa."

Nimeusoma mara nyingi, Neema, nimesimama shambani kwenye kahawa yangu na ndoo mkononi. Nilitaka nimwandikie kwamba amefanya vizuri, nikafuta. Nilitaka nimwandikie asubiri kidogo, nikafuta na hilo. Mimi ndiye mnayesema niliweza, na sijui nimjibu nini.

Jumamosi ni kesho. Nimefungasha nguo, sweta nimeliacha. Kura kule sina, mimi ni mtu wa Maguu, na meza kuu wakiniitia sitakwenda. Nitakaa majanini na akina mama, na penseli yangu. Edina akishindwa atanifuata aniulize kama amekosea, namjua, na nitamjibu kama nilivyojibiwa mimi. Bado sijajua, mwanangu. Kisha nitamwomba anipeleke mtoni nikaone hao mbasa, maana miaka yote niliyokula samaki wa Mzee Stefano, huko nako sikuwahi kufika.